Aliyekuja Kuomba Jina

Swali la kwanza la Daktari Steinunn halikuwamo kwenye fomu yoyote ya serikali. Alikuwa akimkuta mfungwa ameketi, awe mwizi wa baiskeli au mwuaji, anavuta kiti, anavua miwani na kuifuta kwa pindo la sweta, kisha anauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mtu akishataja baba, babu na shamba walikotoka, Steinunn huanza kutafuta pa kuunganisha, maana Aisilandi ni kisiwa cha watu wachache na si ajabu daktari na mwizi wakajikuta wamechangia bibi. Kwa miaka mingi alikuwa akipima akili za wafungwa wa Svartanes, gereza lililoko ufukweni ambako upepo hauna adabu, na aliiringia kazi yake. Hakujificha. Alisema wazi kwamba kuna madaktari wanaouliza na kuna madaktari wanaosikia, na yeye alijua yuko kundi lipi.

Juni hiyo alirudi kutoka likizo akakuta Sindri amemwekea kazi. Sindri alikuwa daktari kijana, mwenye kichwa kinachochemka, aliyezaliwa Reykjavík lakini akakulia Uswidi alikosomea. Alikuwa na ile haraka ya watu wema, wanaotaka kila mtu apone leo. Alikuwa amempima mfungwa aitwaye Ketill akaamua kwamba anaumwa: ahamishiwe wodi ya wagonjwa wa akili yenye milango ya kufungwa huko mjini, aanzishiwe dawa, na ruhusa aliyoomba ya kutoka Jumapili ifutwe. Ilibaki saini ya daktari wa pili, na daktari wa pili alikuwa Steinunn.

"Soma mwenyewe uone," Sindri alisema, akimsogezea karatasi. Walikuwa kwenye chumba cha kahawa cha askari.

"Nitasoma. Kwanza niambie kwa mdomo."

"Anaongea na mtu aliyekufa."

"Mtu gani?"

"Brynjólfur. Yule rafiki yake waliyekuwa naye kwenye gari."

Kisa cha gari Steinunn alikijua, na nani asiyekijua. Ketill alikuwa mfugaji wa bonde la Kaldá, kaskazini. Vuli ya mwaka juzi, watu walipomaliza kuswaga kondoo kutoka milimani na kuwatenganisha zizini, kulikuwa na dansi kama kawaida, na Ketill akanywa kama kawaida, kisha akashika usukani wa landrova yake akimpeleka jirani yake Brynjólfur nyumbani. Kwenye daraja la mto Kaldá gari likatumbukia. Ketill alitoka. Brynjólfur hakutoka.

"Hali chakula," Sindri aliendelea. "Halali usiku. Askari Kolbeinn alipita mlangoni kwake alfajiri akamsikia anasema, 'Nimeshakusikia, Brynjólfur, nitalitamka siku ikifika.' Nikamuuliza, utatamka nini? Akanyamaza. Nikamuuliza tena. Akaniambia hilo haliulizwi. Basi nikampigia simu binti yake, Ásdís. Unajua alinijibu nini? 'Baba hajakuambia? Basi na mimi sisemi. Mtalisikia kanisani.'"

"Kanisani kuna nini?"

"Amejifungua. Mtoto anabatizwa Jumapili. Ndiyo ruhusa yenyewe hiyo anayoomba." Sindri alishusha sauti. "Steinunn, binti naye yumo. Nimewahi kusoma habari hizi, mmoja anaugua na mwingine anaambukizwa mawazo yake. Nikimwacha Ketill aende huko, nitakuwa sijafanya kazi yangu."

Steinunn alikuwa amechovya andazi kwenye kahawa. Likalegea, likakatika na kuzama lote, na hakulijali. Alikuwa ameshajua. Yeye mwenyewe aliitwa Steinunn kwa sababu shangazi wa baba yake, aliyekwishazikwa, alimjia mama yake ndotoni akiwa amebeba sufuria, akakaa kitandani bila kusema kitu. Nyumba ikiwa na mtoto njiani, marehemu mmoja hutokea katika ndoto ya jamaa, na hapo kila mtu anaelewa amekuja kuomba jina. Anayemnyima hatafuti heri. Na jina lenyewe halitamkwi mpaka mtoto apate maji ya ubatizo. Hata nyanya mzaa mama huambiwa tu "huyu msichana", akae anangoja kama wengine. Mama yake Steinunn alilifungia lile jina mdomoni mpaka mchungaji alipouliza. Sasa hapa palikuwa na kijana mwenye shahada mbili anayemsukuma mtu wa Kaldá alitaje mbele ya askari magereza, na anapokataliwa anaandika kwamba mgonjwa ni msiri.

Alitaka kucheka, lakini hakucheka. Mila haimkingi mtu na ugonjwa. Alikuwa amewahi kukutana na wagonjwa waliovaa mila ya kwao vizuri kabisa, kumbe ndani moto unawaka. Mtu aliyemuua rafiki yake, asiyekula wala kulala, akiwa anamwona rafiki huyo kila usiku, hakuwa mtu wa kupitishwa kwa mzaha. Akikosea huku, Ketill angekosa siku ambayo hairudi na kuishi na jina la wazimu hadi kufa. Akikosea kule, Ketill angepelekwa nje ya ukuta, karibu na ule mto, na pengine asirudi.

"Nitazungumza naye," alisema. "Nje."

Steinunn hakuwahi kumpima mtu chumbani ikiwa palikuwa na njia ya kumpima akitembea. Alimtoa Ketill uani wakaanza kuuzunguka ua wa gereza, upepo ukiwapiga shavu moja wakienda na shavu la pili wakirudi. Ketill alikuwa pande la mtu, lakini nguo zilimning'inia, na mkanda alikuwa ameuvuta hadi tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Si umesoma kwenye karatasi."

"Nimesoma jina. Mtu sijamsoma."

Ketill alimwangalia kwa pembe ya jicho. "Mimi wa Hallvarður, wa shamba la Ytri-Bakki. Mama yangu wa Skriða."

"Skriða? Kulikuwa na bwana mmoja wa Skriða, ana meno ya dhahabu."

"Huyo mjomba wa mama."

"Basi alimchumbia bibi yangu. Bibi akamkataa."

"Kumbe ni nyinyi." Ketill alisimama. "Kwetu tunaambiwa yeye ndiye aliyekataa."

"Ndivyo mnavyojifariji," Steinunn alisema, wakaendelea kutembea.

Walifika kona ya ua ndipo alipomuuliza kwa nini hali.

"Suti," Ketill alijibu.

"Suti gani?"

"Suti yangu ya harusi. Ninayo hiyo moja tu, na nilioa nikiwa mwembamba. Ásdís aliitoa kabatini, akaipiga pasi, akaniletea niijaribu, lakini kifungo hakifungi. Sasa unataka nikasimame mbele ya watu wa Kaldá na mkanda wa gereza, tumbo nje? Wameshaniona nikitolewa pale kwa pingu. Hawataniona tena nikiwa kituko."

Steinunn aliuma mdomo ili asicheke. "Na usingizi?"

"Dirisha langu halina pazia, jua halizami, wewe ungelala? Mwambie mkuu wa gereza aniletee hata blanketi la kutundika. Kolbeinn nimemwomba toka Mei."

Alimwamini kuhusu suti, na alimwamini kuhusu pazia. Lakini mambo hayo yalikuwa madogo. 

"Na Brynjólfur?" Steinunn aliuliza.

Ketill alisimama tena, safari hii akageuka wakatazamana. "Yule kijana amekutuma uje ummalizie kazi."

"Mimi situmwi."

"Basi nisikilize, Steinunn. Mahakamani wakili wangu alitaka niseme nina majonzi ya marehemu mke wangu, sijui akili ilivurugika. Nilikataa. Nilisimama nikasema nilikuwa nimelewa, na mimi ndiye niliyeshika usukani, hakuna mwingine. Hilo ndilo jambo pekee lililobaki kwangu la kujivunia, kwamba sikulikimbia. Niiteni mlevi, niiteni mwuaji, vyote vyangu. Lakini sasa mnataka kuniambia kichwa hiki si changu. Hilo sikubali. Nipelekeni wodini, nifungeni kitandani, sikubali."

Maneno yalimtoka bila kelele, shingo imenyooka. Steinunn alikuwa amewaona wengi wanaojifanya wazimu ili waponyoke. Huyu alikuwa anaikataa njia ya kuponyoka kwa mara ya pili, na ndani ya moyo wake akajisikia kumheshimu, jambo ambalo daktari hatakiwi kuliandika popote.

"Akija, wewe uko macho au umelala?"

"Nimelala. Akiondoka ndipo naamka. Nikiamka namjibu, maana usingizini mdomo hautaki."

"Unajua kwamba ni ndoto?"

"Kwani kuna watu wasiojua?"

"Wapo. Akija anafanya nini?"

"Anakaa. Anavua kofia." Ketill alikunja uso kama mtu anayetafuta neno. "Brynjólfur hakuwahi kuvua kofia. Hata kanisani mchungaji alishachoka kumwambia. Sasa anaivua, anaishika hivi, magotini."

"Anakutukana?"

"Angenitukana ningemshukuru. Mwaka mzima nilimngoja anitukane."

"Anakwambia umfuate?"

"Hapana."

"Umdhuru mtu yeyote, au ujidhuru?"

"Hapana. Anataka kitu kimoja tu, na kitu chenyewe..."

"Usiniambie," Steinunn alimkatiza upesi. "Usiniambie, Ketill. Mtoto hajapata maji."

Ketill alibaki kinywa wazi. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu watoke mlangoni, yakashuka taratibu. Alitoa kitambaa akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko kamasi ilivyohitaji.

"Yule kijana aliniuliza mpaka basi," alisema mwishowe.

"Yule kijana alilelewa mbali. Mimi sijakuuliza, na sitakuuliza. Lakini kuna jambo moja nitakuuliza na utanijibu kweli. Umewahi kutaka kufa?"

"Mwaka wa kwanza, kila siku. Nilishapanga. Nilisema siku wakinitoa tu, nakwenda pale pale darajani."

"Na sasa?"

"Sasa Brynjólfur ananihitaji. Ana kazi na mimi."

"Kazi hiyo inaisha Jumapili. Ikishaisha?"

Ketill aliangalia bahari nje ya uzio.

"Hilo sijalifikiria," Ketill alisema. "Ningekudanganya ningekwambia nimelifikiria."

Sindri alikuwa anawangoja mlangoni. Steinunn alimpeleka kwenye chumba cha kahawa, akafunga mlango, akamweleza habari ya wafu wanaoomba majina. Kijana alisikiliza huku shingo inampanda wekundu kidogo kidogo. Hakuwa mjinga, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo binti hakuwa mgonjwa. Alikuwa ananificha jina tu."

"Hata mimi angenificha."

"Na mama yangu hakuniambia mambo haya hata siku moja." Alijipangusa uso. "Sawa. Dawa na wodi nimeviacha, nimekubali. Lakini ruhusa bado nasema hapana. Umesema mwenyewe hajui baada ya Jumapili kuna nini. Ndoto ndiyo iliyomshika, na ndoto itaondoka. Barabara ya kanisani inapita darajani, Steinunn. Daraja lile lile."

"Swali hilo ndilo lenyewe," Steinunn alisema, na hakuwa anamsifu bure. "Nami sina jibu lake."

"Basi unasaini nini?"

Steinunn alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Angeweza kujikinga. Kusaini upande wa Sindri kusingemletea lawama kutoka kwa mtu yeyote. Madaktari hawashtakiwi kwa kumfungia mtu mlango. Lakini alikuwa amemsikia mtu yule kwa masikio yake, na alikuwa ameyaamini masikio hayo muda mrefu mno kuyasaliti kwa sababu ya woga.

"Nasaini kwamba ana akili timamu, ana majonzi, ana siri moja na ana haki nayo," alisema. "Anakwenda. Mimi nakwenda naye, na jina langu liko chini ya karatasi. Likitokea la kutokea, waje kwangu."

"Waje kwetu," Sindri alisema. "Na mimi nakuja."

Jumapili hiyo Kolbeinn alivaa koti la kiraia, akaendesha. Ketill alikaa mbele ndani ya suti yake ya harusi, amenyoa vizuri, kifungo kimefunga kwa neema ya Mungu, asithubutu kuvuta pumzi nene. Nyuma walikaa madaktari wawili na mfuko wa maandazi. Njia ni ndefu, na kwa nusu ya safari watu walizungumza habari za nyasi tu, kwamba mwaka huu zimechelewa.

"Nilimpigia mama yangu," Sindri alimnong'oneza Steinunn. "Nikamuuliza jina langu lilitoka wapi."

"Enhe."

"Mjomba wake alizama baharini. Alimjia amelowa chapachapa, akasimama jikoni. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akaniambia, 'Kwani sikukuambia?'"

Steinunn alimpa andazi.

Walipoingia bondeni, Ketill aliacha kuzungumza. Mto Kaldá ulikuwa umejaa maji ya theluji, rangi ya maziwa yaliyochafuka, unanguruma. Daraja lilipoonekana alisema, "Kolbeinn, simama."

Kolbeinn alimtazama Steinunn kwenye kioo. Mkono wa Sindri ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Kwa mara ya kwanza tangu asaini, Steinunn alijiuliza kama alikuwa anaringia masikio yake au ni umri tu umempa kiburi.

"Simama," alimwambia Kolbeinn.

Ketill alishuka. Sindri akashuka upande wa pili, akaenda kusimama karibu naye, karibu sana, bila kumgusa. Ukingo wa daraja ulikuwa umetengenezwa upya pale ulipovunjika, chuma kipya kinang'aa pembeni ya kile chenye kutu. Ketill aliweka mkono juu ya kile kipya. Kisha akavua kofia, akaishika mbele ya tumbo, na wote walimsikia akisema, sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayezungumza na jirani wa ng'ambo ya uzio, "Tumeshafika. Njoo."

Akarudi garini. Sindri aliporudi alifunga mkanda mara mbili kabla haujashika.

Kanisa la Kaldá ni dogo, la mbao na bati jekundu, na siku hiyo lilijaa. Watu walikuja kubatiza, lakini walikuja pia kutazama, tusidanganyane. Ketill alipita katikati ya mabenchi akiwa amenyoosha mgongo, hakuangalia chini. Watu wengine waliinamisha kichwa kumsalimu. Wengine walijifanya wanatafuta ukurasa wa nyimbo. Kwenye benchi la mbele upande wa kushoto alikaa bibi mmoja mnene mwenye fimbo, Gróa, dada yake Brynjólfur. Walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake, hawakuoa wala kuolewa, hawakuwa na mtoto, walikaa kwenye shamba la baba yao na kondoo wao. Gróa hakuwa amemsemesha Ketill tangu ile vuli. Mahakamani alikaa siku zote za kesi akimtazama bila neno.

Steinunn alikaa nyuma kabisa, kati ya Sindri na Kolbeinn. Alimwona Ásdís, mwanamke mrefu mwenye kidevu cha baba yake, akisimama na kumpa Ketill mtoto. Mikono ya mzee ilimpokea vizuri, mikono iliyozoea wanakondoo. Mchungaji alichota maji kwenye beseni, akauliza, "Mtoto huyu ataitwa nani?"

Ketill hakujibu.

Mtu mmoja alikohoa. Mchungaji alibaki na maji kiganjani yakidondoka kidogo kidogo. Sindri aliushika mkono wa Steinunn, na Steinunn hakuutoa, maana hata yeye alihitaji pa kushika. Aliuona mgongo wa ile suti unapanda na kushuka. Alijua sasa kwa nini jina lile lilikuwa zito mdomoni mwa Ketill. Kulitaja jina mbele ya watu hawa, mbele ya huyu bibi, ni kusema kwa sauti kwamba marehemu amenijia mimi, mimi niliyemuua, amenichagua mimi. Kuna watu wangekuita jeuri kwa hilo.

"Brynja," Ketill alisema.

Mchungaji hakumsikia, au alisikia akataka kuwa na hakika. "Nani?"

"Brynja. Wa Brynjólfur."

Watu walivuta pumzi. Benchi la mbele lililia, na Gróa akasimama, fimbo ikigonga sakafu ya mbao, akaenda mpaka kwenye beseni. Ketill hakurudi nyuma. Alimkumbatia mtoto tu, akangoja, na Steinunn alijua kwamba kama bibi huyu angemtemea mate, Ketill angeyapokea.

"Alikuja kwako," Gróa alisema.

"Alikuja."

"Alivua kofia?"

"Aliivua."

Gróa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyehakikishiwa bei. "Alikuja kwangu kwanza," alisema, na hakuwa amepunguza sauti, kanisa lote lilisikia. "Anakaa, anakaa, kila usiku anakaa. Nikamwambia, wewe Brynjólfur, na umri huu wangu unataka nizae? Nenda kwa Ketill. Binti yake ana tumbo."

Mtu fulani alicheka huko katikati, kicheko kilichogeuka kilio kabla hakijaisha.

"Mchungaji, maji yanakwisha mkononi mwako," Gróa alisema. "Endelea." Na Brynja alipopata maji, akapiga kelele za kutosha kuamsha bonde, bibi yule akanyoosha mikono. "Nipe huyo. Wewe unatetemeka, utamwangusha."

Baada ya ibada walikunywa kahawa nyumbani kwa Ásdís, na chapati za sukari na mkate wa ghorofa tatu uliojazwa kamba wa baharini. Steinunn aliulizwa ni mtoto wa nani, akajieleza, na kabla ya kikombe cha pili alikuwa ameshakumbushwa mara mbili kwamba yule bwana wa meno ya dhahabu ndiye aliyemkataa bibi yake. Alimwona Gróa amemweka Ketill kwenye kona, anamnyooshea kidole, Ketill anaitikia kwa kichwa. Sindri alikuwa amezungukwa na wanawake wawili wanaomweleza ndoto zao, na alikuwa anasikiliza, kwa dalili zote, bila kuandika kitu.

Saa ya kuondoka ilipofika Kolbeinn alitangulia kwenye gari. Ketill alikuwa uani, kifungo cha suti amekifungua hatimaye baada ya mkate ule, anatazama mlima ambako mifugo ya bonde zima ilikuwa malishoni. Steinunn alienda kusimama kando yake.

"Uliniuliza swali," Ketill alisema.

"Nilikuuliza."

"Brynjólfur alikuwa na kondoo viongozi. Wale wanaotangulia kundi, wanaonusa dhoruba kabla mtu hajaiona. Hakuna waliokuwa na damu safi kama yake kaskazini yote, na alijua, alikuwa havumiliki. Gróa magoti yamemwisha, hawawezi. Anasema ni mali ya mtoto sasa. Anasema nikitoka nikawachukue, niwatunze mpaka Brynja akue, na nimfundishe kuwasoma, kwa sababu nyumba ile hakuna mwingine anayejua." Aliivaa kofia, akaivuta hadi masikioni. "Nikamwambia mimi mwenyewe Brynjólfur alikuwa ananificha nusu ya mambo. Akaniambia basi mngoje, atakuja akumalizie."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, baada ya Jumapili," Ketill alisema, "kuna kondoo."

Akatangulia kwenda garini, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa.